Goli Ambalo Baba Alilikataa

Ipo Jumapili moja ambayo haijanitoka kichwani, mwanangu, ingawa majina mengi ya watu wa siku zile yamekwisha kunitoka. Mji wetu ulikuwa bado unaitwa Élisabethville. Wazungu walikuwa na mji wao wenye taa na jakaranda, nasi tulikuwa na sité yetu, mtaa wa Waafrika, nyumba za matofali zenye barza ndogo mbele. Nakueleza haya kwa sababu jana nilikusikia ukibishana na binamu yako juu ya penalti ya timu yenu, na mwishoni ukamtupia neno ambalo halikuwa la mpira tena. Sikukukatiza mbele ya wenzako. Leo tuko wawili tu, basi kaa nikusimulie jinsi ndoa yangu ilivyotaka kuvunjika kwa ajili ya goli.

Baba yangu hukumjua. Aliitwa Mwalimu Donatien. Alizaliwa upande wa Mitwaba, kaskazini, akaletwa mjini akiwa mdogo pale baba yake alipopata kazi mgodini, akasoma kwa mapadri hadi naye akawa mwalimu. Jumapili baada ya misa alikuwa akivaa kaptura nyeusi na soksi ndefu, anatia filimbi mfukoni, anakwenda kuamua mechi za sité. Hakuwa mtu wa maneno mengi. Ukimuuliza jambo alilolijua, alikujibu. Ukimuuliza asilolijua, alikwambia hajui, na hilo halikumtia haya hata mbele ya wanafunzi wake. Nimekaa na watu wengi katika maisha yangu, na bado naona wachache wanaoweza hilo.

Mchumba wangu alikuwa Evariste, mshambuliaji wa timu ya wafanyakazi wa reli. Watu wake walitoka Kasai. Baba yake alifuata kazi ya reli hadi huku, akafia huku, na kijana akalelewa na baba yake mkubwa, Baba Gaston, aliyeuza vitambaa sokoni. Evariste alikuwa mwembamba, mpole, anaongea kama mtu anayeogopa kumwamsha mtoto. Lakini akipata mpira, mwanangu, uwanja mzima ulisimama. Padri alikuwa amekwisha kutangaza majina yetu kanisani, na mama alikuwa ameanza kuloweka mahindi ya munkoyo, kinywaji chetu cha sherehe.

Ndipo ikaja nusu fainali ya kombe, mechi ya kutoana: anayeshindwa anarudi nyumbani, hakuna marudiano. Timu ya reli ilicheza na timu ya kambi ya mgodi. Asubuhi hiyo mwamuzi aliyepangwa aliamka na homa, hawezi hata kusimama. Makapteni wote wawili wakaja kwetu kumwomba baba. Baba akawakumbusha kwamba Evariste alikuwa karibu kuwa mkwe wake. Kapteni wa mgodi ndiye aliyejibu, na mama alilirudia jibu lake kwa miaka mingi:

“Tunajua, Mwalimu. Lakini weye pia tunakujua.”

Basi baba akachukua filimbi yake.

Nilikwenda uwanjani na rafiki zangu. Vumbi jekundu, jua kali, watu wamepanda hadi juu ya kichuguu kilichokuwa nyuma ya kona. Timu ya mgodi ilitangulia kufunga. Reli wakasukuma, wakasukuma, na karibu na mwisho Evariste akapokea mpira, akamzunguka beki mmoja, akapiga huku beki wa pili akimwangukia. Mpira uligonga mwamba wa juu, ukashuka chini kwa nguvu, chokaa ya mstari ikaruka kama moshi, kisha kipa akaukumbatia. Goli halikuwa na wavu. Watu wa reli walinyanyua mikono yote, wengine wakaingia uwanjani wakicheza. Mimi nilikuwa upande wa pili kabisa. Nikikwambia niliona mpira ulidondoka wapi, nitakuwa naongopa.

Baba alimtazama mshika kibendera. Wachezaji walikuwa wamemziba, naye akatikisa kichwa kwamba hakuona. Baba akasimama kidogo, halafu akaonyesha kwa mkono mchezo uendelee. Haukupita muda akapuliza filimbi ya mwisho. Reli wakawa wametolewa.

Mwanangu, siku zile hapakuwa na picha ya kurudisha nyuma mkatazama tena. Kila mtu alibaki na macho yake tu, na kila mtu aliyaamini. Jioni ile sité nzima ikawa uwanja. Kwenye bomba la maji, mbele ya kanisa, sokoni kati ya meza za samaki wakavu, watu walikuwa wakibishana juu ya chokaa. Wa reli walisema chokaa iliruka ikielekea ndani, kwa hiyo mpira ulikuwa umeingia. Wa mgodi walisema chokaa haiwezi kuruka kama mpira haukuipiga, na mpira ulioupiga mstari haujavuka mstari. Wazee walichora ardhini kwa vijiti. Nilimwona fundi cherehani mmoja ameacha kazi ya watu, anaangusha chungwa kwenye mstari wa majivu mara kwa mara ili aonyeshe. Kusema kweli, kulikuwa na raha katika mabishano hayo. Watu wenye akili nzuri walikuwa wakifikiri kwa bidii juu ya kitu kimoja, na wakicheka.

Kisha neno jingine likaanza kupita. Wakasema Mwalimu Donatien aliona vizuri kwamba ni goli, akalikataa kwa sababu mpigaji alikuwa mkwe wake. Aliogopa kuambiwa amependelea. Angepiga mtu mwingine, wangepewa goli lao. Neno hilo lilimuumiza baba kuliko matusi, kwa sababu lilimkuta mahali ambapo hata yeye hakuwa na uhakika. Alikula kidogo. Alikuwa akiketi na madaftari ya wanafunzi mbele yake bila kufungua hata moja.

Katikati ya juma Baba Gaston akaja kwetu. Hakuja peke yake. Alikuja na Bernard, karani wa reli aliyekuwa akiongoza nyimbo za mashabiki, na akamleta Evariste mwenyewe, jambo lisilo la desturi, maana bwana arusi hakai kwenye mazungumzo ya wakubwa. Baba akawatolea viti kwenye barza. Mimi na mama tulikuwa ndani, nyuma ya pazia la mlango, na sitakuficha: tulisikiliza kila neno.

Baba Gaston alisema kwa adabu, lakini alisema. Watu wake walikuwa na uchungu. Hawakuona namna ya kuingia kanisani na kucheza na watu wa nyumba iliyowanyima haki yao mbele ya mji mzima. Afadhali arusi isogezwe mbele, mioyo ipoe, halafu wataona. Nilisikia mkono wa mama ukinishika. Sote wawili tulijua “tutaona” ina maana gani katika mambo ya ndoa.

Akamgeukia Evariste.

“Weye ndiye ulipiga ule mupira. Ambia Mwalimu hapa, mbele yetu. Uliingia ao haukuingia?”

Fikiria hapo, mwanangu. Neno moja tu. Angesema uliingia, mashabiki wake wangembeba mabegani, na baba mkubwa aliyemlisha angefurahi. Na hakuna mtu duniani ambaye angeweza kumwambia anadanganya. Evariste akasema kwa sauti yake ile ya chini:

“Baba Mukubwa, miye nilianguka. Yule beki alikuwa juu yangu, macho yangu iko mu vumbi. Nilisikia bantu banapiga kelele, basi nikajua kuna kitu. Lakini mupira, sikuuona.”

Bernard alikasirika. Akasema kijana ametishwa, anaogopa kupoteza mke. Halafu akafungua mlango ambao afadhali angeuacha umefungwa. Akasema hakuna haja ya kubishania chokaa, kwa sababu watu wa kaskazini ndivyo walivyo. Hawajapenda kamwe kuona mtu wa Kasai akipanda, iwe reli, iwe shule, iwe mpira.

Maneno ya namna hiyo yalikuwapo katika mji tangu zamani, lakini watu waliyasema majumbani kwao, siyo kwenye kiti cha mtu ambaye umekunywa maji yake. Nilijua kwamba baba akijibu, au Baba Gaston akitikisa kichwa tu kukubali, mimi sina tena ndoa.

Aliyesema alikuwa Evariste. Alisimama kwanza, kwa heshima, ndipo akasema:

“Baba Bernard, unisamehe. Tulikuja hapa juu ya mupira. Sema arbitri alikosea, nitakaa nisikie mpaka kesho. Lakini kwabo, kule alizaliwa, hakukupiga filimbi. Mitwaba haikuwa mu uwanja.”

Akakaa. Nilikuwa nimemkubali kijana yule kwa sura yake na kwa miguu yake. Siku hiyo nilimkubali kwa jambo jingine, na ndilo lililonikalisha naye hadi alipozikwa.

Kisha baba naye akasema. Aliwaambia kwamba tangu Jumapili alikuwa akijiuliza swali lile lile la sokoni: je, niliogopa midomo ya watu? Amejichunguza, na hawezi kuapa kwamba hofu haikuwapo hata chembe. Anachoweza kuapa ni kwamba alikuwa akikimbia, jua liko usoni, na alichokiona ni mpira uliokuwa bado mbele ya mstari.

“Niliamua kile niliona,” alisema. “Kama ulikuwa goli, nilikukosea, Evariste, na nakuomba pardon. Lakini siwezi kukupa leo kitu ambacho sikukiona Jumapili.”

Baba Gaston alikuwa mtu mwenye kiburi, lakini hakuwa mjinga. Aliona wenye haki kubwa zaidi ya kugombana wameketi mbele yake na hawagombani. Akamwambia Bernard aombe radhi, na Bernard akaomba, kwa shida. Kisha akanyanyuka, akampa baba mkono, akasema:

“Mwalimu, ule mupira uliingia. Nitasema hivyo mpaka kufa. Sasa mutuambie, siku ya arusi tulete ngoma ao munazo?”

Mama alikaa chini palepale nyuma ya pazia, akacheka na machozi yakimtoka.

Tulifunga ndoa siku ile ile aliyoitangaza padri. Baba Gaston alitimiza ahadi yake. Kila Krismasi alikuja kwetu, na kabla bukari, ugali wetu, haijapoa alikuwa ameshapanga vikombe mezani kuonyesha mwamba uko wapi na mstari uko wapi. Baba alimsikiliza hadi mwisho, akamjibu kwa kikombe kingine. Walibishana hivyo hadi uzee wao, na hakuna hata mmoja aliyeondoka mezani kabla ya mwenzake.

Sasa nikwambie ninachotaka, mwanangu. Sikukatazi kubisha. Penda timu yako, paza sauti, chora ardhini ukitaka, mwambie mwamuzi amekosea kama unaona amekosea. Lakini ubishe juu ya mpira hadi mwisho wa maneno. Siku utakayoona maneno ya mpira yamekuishia, na ulimi unatafuta kabila la mtu, au mama yake, au alikotoka, nyamaza hapo hapo. Hapo umekwisha kushindwa na hujui. Na watu wako wakikusukuma useme uliona, nawe hukuona, sema hukuona, hata kama wewe ndiye utakayepoteza. Mtu utakayempata baada ya hapo, mke au rafiki, atakuwa amekujua ulivyo.

Nenda kwa binamu yako leo, jua halijazama. Mungu akuwekee macho yanayokiri pale yasipoona, akupe wabishi wanaorudi kula nawe, na nyumba utakayoijenga isikose kiti cha mtu wa timu nyingine.