Kumsoma Bwana Kutu Tangu Namba Moja

Kati ya siku zote za ujana wangu, mwanangu, kuna moja inayonirudia hata nikiwa nimekaa kimya kanisani. Ni siku niliyosimama mbele ya wazee wa ukoo wetu kule Rejaf, nje kidogo ya Juba, nikasema maneno mazuri sana, watu wakapiga makofi, na mama yangu akaangalia chini. Makofi yale niliyafurahia kweli. Nilikuwa na miaka ishirini na miwili na hakuna kitu nilichokuwa sikijui.

Nakusimulia, ingawa sikukuzaa mimi, kwa sababu juzi nilikuona na simu yako. Ulikuwa umepanga hadithi za yule mwovu wako wa kwenye katuni, ipi ya kwanza, ipi ya pili, na umeweka alama kwenye zile ulizomaliza. Uliponiona ukaificha simu, ukidhani nitakukemea. Wala. Usifikiri huyu mama anayegawa vitabu vya nyimbo Jumapili alizaliwa hivi. Mimi pia nilikuwa na mwovu wangu. Nilimsoma kwa mpangilio kama wewe, tena kwa bidii kuliko nilivyosoma kitu chochote shuleni, na kusoma kule ndiko kulikoniingiza kwenye kosa.

Tulikuwa tumerudi kutoka Uganda, mama na mimi, baada ya vita kutulia. Baba tulimwacha kaburini hukohuko ukimbizini. Tulipanga chumba kimoja cha bati hapa Munuki, na jua la Juba unalijua. Saa sita mchana chumba kile hakiingiliki. Kwa hiyo nilikuwa nashinda nje, kwenye kibanda cha Mzee Opio karibu na steji ya bodaboda. Alikuwa Mganda wa kutoka Lira, mpole, mwenye jenereta, na kazi yake ilikuwa kuchaji simu za watu. Simu ilichukua saa mbili kujaa. Ili watu wasimsumbue wakiuliza bado, bado, aliweka benchi na kasha la vitabu vya katuni alivyovileta kutoka Kampala. Alivishona migongo kwa uzi wa nyavu, na kwa kuwa majalada yalikuwa yamechanika, aliviandika namba kwa rangi ya kucha ya mkewe.

Mwovu wa vitabu vile aliitwa Bwana Kutu. Chuma chochote alichokigusa kililiwa na kutu papo hapo: kufuli, reli, milango ya benki. Kitabu cha kwanza kufika mkononi mwangu kilikuwa namba tisa, na humo Bwana Kutu anaweka kiganja kwenye daraja la mji wake, linaanguka na watu wakiwa juu. Wakati ule Juba nzima ilikuwa na daraja moja tu la kuvukia mto, basi fikiria nilivyomchukia. Nilimtukana kwa sauti mpaka Mzee Opio akaja kuninyang'anya kitabu.

"Wewe naanza kwa tisa," alisema kwa Kiswahili chake cha Uganda. "Mtu hapana anza kwa tisa. Kuja, chukua moja."

Hiyo ndiyo ilikuwa sheria ya kibanda. Unaanza namba moja, na ukirudisha kitabu anakuuliza swali moja la humo ndani. Ukikosa jibu, unarudi nacho benchi kusoma upya. Vijana walinung'unika lakini walitii, maana simu zao zilikuwa mikononi mwake.

Nikaanza namba moja. Nikamkuta Bwana Kutu ni mtoto wa mhunzi, mwembamba, anapuliza moto wa baba yake. Namba tatu, wakubwa wa mji wanamnyang'anya baba yake karakana ili wapitishe daraja hapo. Namba sita, mkewe anafia nyuma ya kufuli la gereza. Nilipofika tena namba tisa, mwanangu, nilishangilia. Kitabu kilekile, picha zilezile, na mimi nawaambia vijana wa benchi kwamba daraja lile lilistahili kuanguka. Tulibishana siku tatu na nikawashinda wote. Sikujua kwamba hapo nilikuwa nimeshaanza kupotea.

Sasa, kiwanja cha baba kilikuwa Rejaf, na juu yake alikuwa anakaa baba mdogo Wani, mdogo wake baba. Yeye hakukimbia. Tuliporudi tulimkuta amejenga nyumba ya matofali na jiko la nje, na akasema vizuri tu kwamba vyumba viwili ni vyetu, tuje. Mama alikataa. Alifika mara moja, akazunguka nyumba, akarudi barabarani bila kunywa hata maji. Ndugu wakaanza kusema mke wa marehemu ana moyo mgumu. Mimi nilimwona hivyohivyo. Nilikuwa nimechoka na bati la Munuki, nikamwona mama ndiye anayenizuia kulala mahali penye upepo wa mto.

Nikafunga safari peke yangu kwenda kwa baba mdogo. Nikamwambia, "Baba, nisimulie tangu mwanzo." Nilijiona nina akili sana. Naye akanisimulia, mchana mzima, tukiwa tumekaa kwenye viti vya plastiki. Alivyobaki peke yake wengine wote walipoondoka. Alivyokula majani na mizizi. Wanajeshi walivyokuja mara mbili kukitaka kiwanja, na mara ya pili wakamvunja mkono. Mkewe alivyokufa kwa kukosa dawa ambayo leo unainunua hapo dukani. Alivyofyatua matofali kwa mkono mmoja. Nililia. Niliporudi Munuki nilikuwa nimeshaamua kumtetea, na sikumwuliza mama neno hata moja.

Wazee wa ukoo walipoita kikao kutupatanisha, nikaomba kusema. Nikaieleza habari yake yote kwa mpangilio, moja, mbili, tatu, nikijua wapi pa kupunguza sauti na wapi pa kuipandisha. Nikamalizia kwa kusema kwamba anayemlaumu mtu huyu hajui alikotoka. Wazee wakapiga makofi. Mmoja akasema huyu binti angefaa kuwa wakili. Watu wote wakageuka kumtazama mama.

Mama akainuka, akampa baba mdogo mkono. "Nimesamehe," akasema. "Kalas, yamekwisha."

Tukahamia. Upepo wa mto nikaupata, lakini mama akaanza kunipotea machoni. Chakula anakigusa tu. Hakuingia jikoni hata siku moja. Alipika kwa mafiga matatu upande wa mbele, juani, na akitaka kwenda mtoni anazunguka nyumba nzima ili asipite upande wa jiko. Mwili ukapungua mpaka nguo zikamlegea. Na mimi, badala ya kuogopa, nikaudhika. Nilimwambia, "Mama, ulisema umesamehe." Akanijibu, "Nilisema." Basi.

Wiki iliyofuata nilikuja mjini kumrudishia Mzee Opio namba kumi na mbili, ya mwisho. Nikamsimulia ushindi wangu wa Rejaf, na jinsi mama alivyo mkaidi. Alisikiliza huku anapanga waya zake. Kisha akachukua kile kitabu, hakukifungua.

"Umemaliza zote," akasema. "Sasa mimi iko na swali moja. Kwa namba tisa, iko mama moja juu ya daraja, nabeba kikapu kwa kichwa. Jina yake nani?"

Nikafikiri. Nikasema hawakuandika jina lake.

"Yeye natoka wapi? Nakwenda wapi na kikapu?"

Nikasema, mzee, yule ni mtu wa picha moja tu, anaanguka, ukurasa unageuka.

"Eeh," akasema. "Ukurasa nageuka. Kiden, baba mdogo yako wewe nasoma tangu moja. Mama yako wewe naanza soma yeye kwa ngapi?"

Hakupandisha sauti. Akampa mtu simu yake iliyojaa, akarudi kwenye waya. Mimi nilisimama pale na aibu ikanipanda mpaka masikioni. Mama yangu, aliyenizaa, nilikuwa nimemwanzia namba tisa. Nilimjua tangu pale alipokuwa mwanamke aliyekasirika, na nyuma ya hapo sikuwa nimefungua hata jalada.

Nikarudi Rejaf siku ileile. Nilimkuta anamenya muhogo. Nikakaa chini, nikachukua kisu cha pili, nikasema, "Mama, nisimulie tangu mwanzo." Alimenya mihogo miwili mizima kabla ya kufungua mdomo. Alisema kwa Kibari, lugha yetu, na hapa nakuwekea kwa Kiswahili kama ninavyoweza.

"Kabla yako nilizaa mtoto," alisema. "Poni. Alikuwa ameshajua kusema maji, na kuita kuku. Homa ilimchukua siku mbili. Baba yako alikuwa safarini, kwa hiyo aliyechimba ni Wani. Tulimlaza pale upande wa nyumba, karibu, ili nimsikie. Vita vilipofika, wewe ulikuwa mgongoni na yeye nilimwacha. Miaka yote ile Uganda nilikuwa nasema nikirudi nitakaa naye. Nimerudi, jiko liko juu yake."

Nikamwuliza kwa nini hakusema kikaoni.

"Ulipomaliza kusema," alijibu, "walikuwa wanapiga makofi. Ningesema saa ngapi?"

Mwanangu, sijawahi kuumia vile, na aliyeniumiza ni mimi mwenyewe. Nilikuwa nimetumia ulimi wangu kumnyamazisha mama yangu mbele ya watu, na nilifikiri naleta amani. Niliinama nikashika miguu yake. Alinipiga kidogo begani, akasema muhogo utakauka.

Nilikwenda kwa baba mdogo kabla jua halijashuka. Sikumtukana. Nilimwambia, "Baba, mchana ule ulinisimulia yote, ila uliruka mahali ulipojenga jiko." Aliukanda ule mkono uliovunjwa.

"Nilijua," alisema. "Nilichimba mimi, nitasahauje? Nilidhani hamtarudi tena. Na mlipokuja nikaona aibu, nikasema labda mama yako amesahau mahali."

Tazama hapo, mwanangu. Aliyonisimulia yote yalikuwa kweli. Njaa ilikuwa kweli, mkono ulivunjwa kweli, na mkewe aliyemlilia alikufa kweli. Na bado alijenga juu ya mtoto akijua. Nilikuwa nimefikiri kwamba moja linafuta jingine.

Niliomba kikao kingine. Wazee hawakupenda, jambo lilikuwa limekwisha kwao. Nikasimama na kusema kwamba siku ile nilisema habari za watu wawili nikiwa nimemsikiliza mmoja, na kwamba nayarudisha maneno yangu. Safari hii hakuna aliyepiga makofi. Nikakaa, nikamwachia mama nafasi. Alisema maneno machache, jina la mtoto na mahali. Baba mdogo akasema ni kweli.

Kesho yake asubuhi alianza kulibomoa jiko mwenyewe, tofali kwa tofali. Nilitaka kumsaidia, akakataa. Siku ya tatu udongo ulikuwa wazi. Mama alizunguka nyumba, safari hii akaja moja kwa moja, akakaa chini mahali pale na miguu ameinyoosha mbele, kama mtu aliyefika kwake. Alikaa muda. Kisha akaniita.

"Kiden, njoo umsalimie dada yako."

Nilikuwa na miaka ishirini na miwili, na ile ndiyo siku niliyohisi kweli kwamba mimi si mtoto wa kwanza. Nilikaa karibu na mama, nikamsalimia kwa jina lake. Jioni ile alikula akamaliza sahani. Kumsamehe baba mdogo kulikuja baadaye, mvua za mwaka ule zikiwa zimepita, bila kikao na bila mimi. Niliwakuta tu siku moja wanapanda mtama pamoja, wanabishana kuhusu nafasi ya mashimo.

Basi nasaha yangu ni hii, mwanangu, na nakupa nikijua utaisahau mara mbili tatu kabla ya kuikumbuka. Endelea kumsoma mwovu wako tangu namba moja. Ni jambo jema kujua mtu alikotoka, maana anayemjua mtu kwa siku yake mbaya tu hamjui. Lakini kujua alikotoka kusikufanye umsafishie alichofanya. Mhurumie, na jina la kosa ulitaje vilevile. Na mtu akikuvuta machozi kwa habari yake, kabla hujasimama kumtetea mbele ya watu, nenda ukamtafute yule aliyeumia, ukae chini, umwulize tangu mwanzo, na umpe muda wa kumenya mihogo yake. Usimhimize mtu kusamehe ili wewe upate mahali pazuri pa kulala. Anza na wa nyumbani kwako. Mama yako anakaa chumba cha pili hapo. Wewe unamjua tangu namba ngapi?

Nenda sasa, simu yako ichaji, usome. Mungu akupe macho ya kuona watu wote waliomo kwenye picha, hata wale wadogo wa pembeni. Akupe ulimi mzuri, na akili ya kuufunga. Na siku maisha yatakapokugeuza wewe kuwa mtu wa ukurasa mmoja katika hadithi ya mwingine, asikose kukuletea mtu wa kukaa karibu nawe na kukuuliza jina lako.