Unga wa Chini ya Fizi

Wagonjwa walimwita Mama Fizi, naye hakukataa. Kwa miaka kumi na tisa alikuwa akisafisha meno ya watu katika kliniki ile ya ghorofani, juu ya duka la viatu. Ukicheka tu, alishajua kama unapiga mswaki kila siku au unaupiga siku ya kwenda kumwona. Wengi aliwadharau kimoyomoyo. Ila dharau yake kwa daktari ilifika mpaka kwenye nyayo.

Daktari mwenyewe alikuwa kijana aliyerithi kliniki kwa baba yake mdogo, mkono mzito, ulimi mwepesi. Aliponunua mashine ya kupuliza unga, alibandika mlangoni picha yake, amesimama mbele ya mashine kafumbata mikono kama aliyeiunda yeye. Kijitabu cha maelezo hakukigusa. Mama Fizi ndiye aliyekisoma, ukurasa kwa ukurasa, akila chakula chake cha mchana. Unga laini ndio unaopulizwa chini ya fizi, pamoja na hewa na maji, kutoa uchafu bila kuchubua. Ule wenye chembe kubwa ni wa madoa ya chai na sigara, juu ya jino, basi.

Siku unga laini ulipokwisha, alimwambia daktari.

"Tia ule mwingine," daktari akajibu, macho kwenye simu. "Unga ni unga."

"Ule utamchubua mtu."

"Mama, kazi yako kusafisha. Kufikiri niachie mimi."

Mama Fizi akabetua midomo. "Basi msafishe mwenyewe."

Kitini alikuwepo mwalimu mstaafu, mama wa watu, ambaye fizi zake zilikuwa zimeanza kuacha kutoa damu baada ya miezi minane ya matibabu. Daktari akaingiza mdomo wa mashine na kupuliza. Mama Fizi alisimama kando, bomba la kunyonyea mate mkononi, kimya. Alitaka daktari aumbuke. Alilitaka hilo hata zaidi ya alivyomwonea huruma mgonjwa, mpaka alipoona machozi yakimtiririka mwalimu kuelekea masikioni. Hapo akazima mashine ukutani.

Mwalimu akatema damu. "Kumetokea nini?"

"Fizi zako ni dhaifu, mwalimu," daktari akasema.

"Fizi zako hazina neno," Mama Fizi akamkata. "Umepuliziwa unga usiofaa, na huyu nilimwambia. Nami nikanyamaza, nimkomeshe. Hilo ni kosa langu."

Mwalimu akawatazama mmoja mmoja, kama wanafunzi waliokutwa wakipigana chooni. "Mnagombana ndani ya mdomo wangu," akasema. Akajifuta. "Fizi zikipona nitarudi. Utanisafisha wewe. Huyo asinisogelee."

Zilipona baada ya wiki mbili. Unga laini ukaletwa, na daktari akaanza kuwaambia wagonjwa kwamba yeye hana mchezo kabisa na mambo ya unga. Mama Fizi alimsikia kupitia ukuta wa mbao, akafyonya.

Dharau yake haikupungua. Lakini tangu siku ile hakuiweka tena moyoni ikamsubiri mgonjwa aumie. Aliitoa mapema, mlango ukiwa umefungwa, akimnyooshea daktari kopo la unga na kumsomesha maandishi yake kwa sauti, neno kwa neno, huku mgonjwa angali amekaa mapokezi.