Kobe Namba Moja

Kabla ya kiharusi watu walimwita Mkono Mwepesi, na hawakuwa wakimtania. Alikuwa kinyozi ambaye mteja angeweza kusinzia kwenye kiti chake, wembe ukiwa shingoni, akaja kushtushwa na ubaridi wa pamba yenye spiriti kumbe ameshamalizwa. Wapo waliopita saluni chungu nzima njiani ili wafike kwake. Yeye mwenyewe alipenda kusema kwamba kichwa cha mtu ni nyumba ya watu. Ukiingia, piga hodi.

Kiharusi kilimkuta asubuhi akipiga mswaki. Hakikumuua. Mguu ulirudi, ulimi ukarudi, na mkono wa kulia nao ukarudi, ila haukurudi peke yake. Ulikuja na mtetemo mdogo usiokwisha, kama wa simu inayoita ndani ya mfuko wa suruali.

Siku aliyorejea saluni, aling'arisha kioo chake, akakung'uta kiti, akajifunga aproni. Wa kwanza kuingia alikuwa dereva wa malori, mteja wake tangu wote wawili wana nywele nyeusi. Wakakumbatiana. Dereva akampa pole, akamuulizia hali ya nyumbani, kisha akaenda kuketi kwenye benchi la kusubiri.

"Karibu kitini, ndugu yangu. Pako wazi," kinyozi akamwambia.

"Nipo, nipo. Leo acha nimsubiri mdogo wako. Wewe pumzika kwanza."

Aliyasema hayo akiwa anaangalia sakafu.

Mdogo wake alikuwa amefundishwa kazi na yeye, kuanzia kushika mashine mpaka kunyamaza mteja anapohadithia mambo ya nyumbani kwake. Sasa ndiye aliyekuwa akinyoa kutwa nzima kwenye kiti cha pili. "Kaka, wewe kaa tu utusimamie," alisema kwa upole. "Umefanya kazi ya kutosha." Hakuna aliyemtukana, hakuna aliyemfukuza. Kila mtu alikuwa mwema kwake, na wema ule ulimchoma kuliko tusi. Akautia mkono mfukoni, na ukawa unashinda humo.

Wakati yeye yuko kitandani, mdogo wake alikuwa amefunga televisheni juu ya benchi na kuleta gemu, wateja wasichoke kungoja. Ilikuwa gemu ya vikosi viwili vinavyowindana kwenye majengo yaliyohamwa. Si ya kukimbia ovyo huku unamwaga risasi. Unanyata, unasikiliza nyayo, unachungulia mlangoni. Na ukipigwa umekufa, unakaa kutazama wenzako mpaka raundi iishe. Bunduki za kushambulia zilikuwa nyingi, na vijana walishazipa majina yao. Ile inayotema risasi kwa kasi waliita Cherehani. Ile nzuri ya kutazama lakini inayomwaibisha mwenyewe waliita Bibi Harusi. Na ile nzito, inayopiga taratibu kana kwamba inafikiria kwanza, waliita Kobe, na aliyeichukua alichekwa hata kabla mchezo haujaanza.

Mwenye kauli juu ya mambo hayo yote alikuwa fundi simu wa duka la jirani, aliyejulikana kwa jina la Umeme. Hakuwa na mpinzani. Alikuwa amebandika ukutani orodha yake ya bunduki, kutoka bora mpaka takataka: Cherehani juu kabisa, Kobe chini kabisa. Wateja waliisoma kama watu wanavyosoma matokeo ya mtihani.

Asubuhi moja saluni ikiwa tupu, kinyozi aliichukua ile rimoti ya gemu yenye vijiti viwili. Alitaka tu kuona mkono utafanya nini pasipo mtu wa kuuonea huruma. Akachagua Cherehani, kwani orodha ilisema hivyo. Akafa. Akarudia, akafa. Bunduki ile kila ikipiga, mtutu uliruka juu, na mchezaji alitakiwa kuurudisha chini kwa kidole gumba cha kulia, pole pole, bila kukatisha. Kidole chake kilikuwa na mambo yake. Risasi zilikwenda darini, zikaenda dirishani, zikaenda kila mahali isipokuwa kwa adui.

Mtu mwingine angeiweka chini. Yeye alikuwa amenyoa vichwa vya kila namna maishani, vyenye makovu, vyenye vinundu, vya watoto wasiotulia, na alijua kuwa chombo kikikataa kichwa kimoja hutupi kichwa, unabadilisha chombo. Akaanza kuzijaribu moja moja. Alijaribu kila asubuhi kabla ya wateja, akarudi kujaribu mchana mdogo wake akienda kula. Alizipiga ukutani kwenye uwanja wa mazoezi wa gemu, akatazama matundu yalivyotawanyika. Bibi Harusi ilimsaliti. Nyingine zilimvumilia kidogo kisha zikamtupa. Kobe peke yake haikumkimbia. Kati ya risasi na risasi mtutu ulipata nafasi ya kurudi wenyewe mahali pake, na mtetemo wa kidole chake ukakosa pa kujilimbikiza. Alipompiga adui wa kwanza kutoka upande wa pili wa ua, alisimama wima, peke yake saluni.

Basi akachukua kalamu ya wino mzito, akasogea mbele ya kioo chake, kile kilichotazamana na kiti kisichokaliwa, akaandika hapo hapo kiooni orodha yake mwenyewe. Herufi zilipinda, mistari ikapanda na kushuka. Lakini zilisomeka. Juu kabisa: KOBE. Chini kabisa: CHEREHANI.

Umeme alipoingia, kicheko kilimpalia.

"Mzee, hii orodha umeiandika kichwa chini?"

"Nimeiandika sawasawa."

"Kobe namba moja? Kobe? Hiyo ukimlenga mtu, anapata muda wa kwenda kuaga nyumbani!"

Benchi zima likaangua kicheko. Kinyozi akasubiri kiishe.

"Orodha yako inasema bora," akasema. "Bora kwa mkono wa nani?"

"Kwa mkono wa mtu anayejua kucheza."

"Kila mwamba ngoma huvutia kwake, mwanangu. Wewe umeivutia kwako. Na mimi nimeivutia kwangu."

"Bora ni bora, mzee. Haiulizi mkono."

"Hujawahi kunyoa wewe."

Mmoja wao akapiga picha kile kioo, na kabla ya jua kuzama ilikuwa imezunguka kwenye simu za mtaa mzima, ikiwa na maneno ya dhihaka juu yake. Mke wa kinyozi aliiona kazini kwake, kwenye chumba cha kufulia nguo cha hospitali, katika simu ya mwenzake aliyekuwa akikunja shuka pamoja naye bila kujua kwamba mwenye maandishi yale ni mume wa huyo aliye kando yake.

Jioni, wakiwa mezani, alimuuliza, "Baba watoto, ni kweli unashindana na vijana kuhusu bunduki za televisheni?"

"Sishindani. Nimesema ninachokijua."

"Wanakucheka."

"Najua."

Mkewe alimtazama anavyokula kwa mkono wa kushoto, wa kulia ukiwa umefichwa chini ya meza kama mtoto aliyekosea. "Mimi nisingejali wakikucheka," akasema mwishowe. "Ninachojali ni kwamba tangu uugue ulikuwa hubishi. Nikikuambia chumvi imezidi, unasema sawa. Nikikuambia haikuzidi, unasema sawa. Leo ndiyo mara ya kwanza nakuona umekunja uso."

Kesho yake alikuta kioo kimefutwa. Kilikuwa kinameta, kinanukia sabuni. Mdogo wake alikuwa anapanga mashine zake na hakugeuka.

"Nani amefuta?"

"Mimi, Kaka. Nisamehe. Lakini watu wanakucheka, na mimi siwezi kusimama hapa nikinyoa huku wakikucheka wewe. Wewe ndiye uliyenilea."

"Na ulipokuwa unajifunza, ukamchonga yule mwalimu utosini mpaka akavaa kofia mwezi mzima, nilikuficha?"

"Hukunificha."

"Nilikusimamisha mbele ya mteja aliyefuata, nikakupa mashine. Basi na mimi usinifiche." Akaivua kalamu kifuniko kwa meno. "Vichwa vya wateja nimekuachia. Kiti nimekuachia. Kioo hiki ni changu, na nitakiandika ninavyotaka mpaka siku kitakapovunjika."

Akaandika upya, safari hii kwa herufi kubwa zaidi, zilizopinda zaidi, kuanzia ukingo hadi ukingo. Mdogo wake alisimama na kitambaa mkononi. Kisha akakikunja, akakiweka kwenye droo.

Umeme hakuwa mtu wa kuliacha jambo likae. Alitangaza kwamba Jumamosi mchana yeye na mzee wataingia uwanjani, mmoja kwa mmoja, kila mtu na bunduki yake namba moja. Atakayeshindwa afute orodha. Kinyozi akamjibu kwamba kucheza atacheza, lakini kufuta hajaahidi mtu.

Jumamosi ilipofika saluni ilijaa mpaka mlangoni. Hata dereva wa malori alikuwepo. Mdogo wake alizima mashine, akamwacha mteja akiwa amenyolewa nusu ya kichwa, na mteja mwenyewe hakulalamika. Aligeuza kiti apate kuona.

Raundi ya kwanza Umeme alimaliza upesi hata watu hawakuwahi kunyamaza. Ya pili vivyo hivyo. Ya tatu kinyozi alijibanza nyuma ya ngazi na kungoja. Alingoja kama alivyokuwa akimngoja mtoto amalize kulia ndipo amnyoe. Umeme, aliyezoea kwenda mbio, akachungulia. Kobe ikakohoa mara mbili, na Umeme akawa chini. Saluni ikalipuka kwa vifijo. Kinyozi alichukua na nyingine, baadaye na nyingine tena, lakini kijana alikuwa kijana, na mchezo ulipokwisha hesabu ilionyesha wazi kwamba Umeme ameshinda.

"Haya, mzee wangu," Umeme alisema, akimnyooshea kitambaa. Hakusema kwa ubaya. "Asiyekubali kushindwa si mshindani."

"Nimekubali kushindwa. Sijakubali kukosea."

"Sasa tofauti yake nini?"

Kinyozi alikipita kile kitambaa. Alirudi kwenye gemu, akaiweka Kobe pembeni, akachagua Cherehani. "Tucheze tena," akasema. "Na nyinyi msiangalie televisheni. Angalieni hapa."

Akauweka mkono wake wa kulia juu ya meza ndogo ya magazeti, rimoti ikiwa ndani yake, mahali ambapo kila mtu angeuona. Tangu augue hakuwahi kuuacha hadharani namna ile. Walicheza. Kidole gumba kilitetemeka juu ya kijiti, kijiti kikagonga plastiki, tik-tik-tik, na saluni ilikuwa kimya hata mlio huo ukasikika hadi mlangoni. Hakupata raundi hata moja. Risasi zilipaa darini na watu hawakucheka. Dereva wa malori aliutazama mkono ule tangu mwanzo hadi mwisho, na safari hii hakuangalia sakafu.

"Umeona?" kinyozi akamwambia Umeme, jasho likimtiririka. "Ile orodha yako ingeniambia mimi sijui kucheza, niende nyumbani nikalale. Nikiifuata nimekufa. Kwa ile yangu, nimekuua wewe, bingwa, mbele ya mashahidi. Sasa niambie nifute nini."

Umeme alijikuna kisogo. Alikuwa mbishi, lakini hakuwa mjinga wala hakuwa na roho mbaya.

"Kwangu mimi Cherehani itabaki namba moja," akasema.

"Andika kwako."

"Na Kobe ni takataka."

"Andika kwako, nimesema. Ukuta ule ni mpana."

Tangu siku ile saluni ikawa na orodha mbili zinazotazamana, na ubishi usiokwisha kati yake. Kinyozi hakurudi tena kwenye wembe, na hakujidanganya kuwa atarudi. Lakini kiti chake kilipata wa kukikalia. Mwalimu mstaafu mwenye baridi yabisi kwenye vidole alikuja kuuliza ipi ifuate baada ya Kobe. Akaja mama mmoja wa kiwanda cha mbao, aliyepoteza kidole kwenye msumeno, akasema orodha zote mbili ni upuuzi na atatengeneza ya kwake. Kinyozi alimpa kalamu siku hiyo hiyo. Walibishana mpaka mdogo wake akawaomba wapunguze sauti, mteja hasikii redio.

Kisha waliotengeneza gemu wakaibadilisha. Kobe, ambayo sasa ilikuwa imeanza kupendwa na watu, iliongezewa teke. Mtutu ukawa haurudi tena mahali pake. Kinyozi aliipiga ukutani kutwa nzima, akatazama matundu, akaguna. Asubuhi iliyofuata akaifuta kileleni kwa mkono wake mwenyewe na kuishusha katikati.

Kelele zilizopigwa! Wale wale waliomcheka kwa kuiweka juu ndio waliomjia juu kwa kuishusha. Mwalimu alisema huo ni usaliti. Dereva wa malori, ambaye hajawahi kushika gemu maishani mwake, alisema mtu mzima hageuzi kauli.

"Mzee, hata mimi nilishaanza kuizoea!" Umeme akalalamika. "Irudishe bwana."

"Hairudi."

"Watu wote wanaitaka namba moja."

"Walipoikataa wote niliiandika. Sasa wakiitaka wote, ndiyo nidanganye?" Alikuwa ameshika kalamu kwa mkono wa kulia, na mkono ulikuwa ukitetemeka hewani mbele yao wote. "Anayeona nimekosea avute kiti, achukue rimoti, anionyeshe. Nipo hapa mpaka tufunge."

Umeme akavuta kiti.