Mkono Usio na Kivuli

Chekeni tu, nimezoea. Haya niliyaona kwa macho yangu, tena mchana kweupe, jua linawaka.

Hapa Mwakitolyo, kwenye machimbo ya dhahabu, nachapa picha za kizamani, zisizotaka kamera. Napaka dawa kwenye karatasi kibandani gizani, naitoa juani, mchimbaji anaweka kiganja juu yake. Nikiosha kwenye karai, palipopigwa jua panakuwa bluu, palipofunikwa na kivuli cha mkono panabaki peupe. Vijana huwatumia mama zao picha hizo. Wengine hunikwepa: "Dada huyo anakusanya vivuli, anawauzia waganga!" Kivuli hata mwenyewe huwezi kukibeba, mimi nitakiuzaje?

Basi akaja kijana, tope mpaka kwenye nyusi. "Mwadila, dada," akanisalimu Kisukuma. "Mpelekee mayu, mama yangu, mkono wangu. Mama Shija, Ushirombo, anauza vitumbua nyuma ya kanisa."

Akaweka mkono. Kidole chake cha mwisho kilijikunja, nikakibonyeza kwa kidole changu ili kilale. Baridi! Juani pale, baridi kama mtungi! Alipouinua, niamini, chini yake karatasi ilikuwa imegeuka rangi sawasawa na kwingine. Jua lilipita ndani yake. Kuinua macho, hayupo. Nikaosha: bluu tupu.

Nilipowasimulia wachimbaji, mmoja akaweka sururu chini. "Huyo ni Shija. Shimo la duara lilimfukia masika, hatukumtoa. Mama yake tulimwambia kahamia Geita. Choma hiyo karatasi, dada, uondoke."

"Mmeshindwa kumfukua, sasa mnataka nimchome?"

Nikapanda basi la Ushirombo. Mama Shija aliigeuza karatasi huku na huku. "Mbona haina kitu, mwanangu?" Nikamweleza yote. Akaweka kiganja juu ya ile bluu, vitumbua vikiungua.

"Ni yeye," akasema. "Mikono yake ilikuwa baridi hivi tangu mtoto. Kumbe namsubiri wa Geita gani?" Ndipo akalia.

Na mimi? Kidole kilichomgusa hakina kivuli tena. Nikichapa mkono wangu, vidole vinne vyeupe, hiki kinapotea kwenye bluu. Wananiambia niache kabla sijapotea mzima. Siachi ng'o! Picha hiyo nimeibandika mlangoni, aogopaye apite mbali.

Ila wewe unayeshuka duarani kesho, sikia: mama yako mwachie mkono leo, ungali na kivuli.