Nyuzi Kumi na Moja

Kazini, katika maabara ya fizikia, walimwita Bi Barafu, na jina likamganda. Kwa miaka tisa alikuwa akichukua fuwele ndogo kama punje ya chumvi, anaitia katikati ya sumaku kubwa, anaipoza kwa heliamu, gesi iliyopozwa ikawa kimiminika, hadi umeme upite ndani yake bila kupotea hata chembe. Kabla ya kufika huko, fuwele hubadili umbo: kilichokuwa mraba huvutika kikawa mstatili. Jicho halioni badiliko hilo. Hulionyesha mawimbi ya redio yanayorudi kutoka kwenye sumaku. Kwenye skrini, mlima mmoja wa mchoro hugawanyika ukawa miwili.

Kiwango cha baridi ambapo mlima hugawanyika kilikuwa kimepimwa na Profesa, mkuu wake, tangu ujana wake. Kila mtu alikitumia.

Siku moja gundi ya kushikizia fuwele iliisha. Bi Barafu akaizungushia pamba, akaendelea. Mlima ulichelewa kugawanyika: ilibidi baridi izidi kwa nyuzi kumi na moja.

"Kipimajoto chako kinakudanganya," Profesa alisema alipoonyeshwa.

Bi Barafu akakipima. Kilikuwa kizima. Akabadilisha nyaya, akarudia wiki tatu, jibu likawa lile lile. Nyumbani akawa mtu wa kujibu "ehe" kwa kila kitu.

Jumamosi alimkuta dada yake, fundi cherehani, akibandua kola ya shati iliyojikunja.

"Imefanyaje?"

"Kitambaa cha ndani kina gundi, mdogo wangu. Kimeingia maji kikarudi, kikaburuta na cha juu. Shati halina kosa."

Bi Barafu aliishika kola ile mpaka dada akamuuliza kama anataka kuinunua.

Jumatatu alinunua gundi, akapima fuwele ile ile: mara ikiwa imebandikwa, mara ikiwa huru. Ikiwa imebandikwa, gundi ilisinyaa kwa baridi, ikaibana na kuilazimisha kujipinda mapema. Ikiwa huru, ilisubiri.

Alipanda ngazi na karatasi zake hadi ofisini kwa Profesa. Profesa alizisoma zote, kisha akazisoma tena.

"Namba hii ni yangu," alisema.

"Najua, Profesa."

"Na gundi niliichagua mimi."

Bi Barafu hakujua aangalie wapi, akaangalia dirisha.

"Ungeninong'oneza tangu wiki ya kwanza," Profesa akasema.

"Nilikwambia. Ukasema kipimajoto."

Mzee akacheka kidogo, cheko la mtu aliyebanwa. Akavua miwani, akavuta kiti cha pili. "Kaa. Tuandike masahihisho. Jina lako litangulie."

Waliandika mchana kutwa, wakibishana juu ya kila sentensi. Makala ilitoka baada ya miezi minane. Maabara mbili za mbali zikarudia kipimo hicho. Moja ilikubali; nyingine inabishana na Bi Barafu hadi leo, naye hujibu kila barua bila haraka.