Kazi ya Kuanguka

Baba yangu alikuwa mfua bati, mzaliwa wa Tunda. Mama yangu alizaliwa Kasongo, akaletwa Kindu akiwa bibi harusi. Majina yao unayajua, kwa kuwa tunawaombea dua pamoja; hapa usiyaandike. Andika kazi na walikotoka. Na uketi vizuri, mwanangu, unaponiandikia. Mimi sikuketi darasani hata siku moja, lakini najua kwamba mtu aliyekunja mgongo huandika maneno yaliyokunjika.

Miaka ile tulipoitana sitwayen, yaani raia, na wakubwa wakavaa abakosti, yale makoti yasiyo na tai, nilikuwa winga wa kushoto wa timu ya wafanyakazi wa reli. Wanawake wa soko la Mikelenge waliniongezea mchele juu ya kipimo bila kuombwa. Kisha siku moja, baada ya mvua, mguu wangu ulibaki katika tope na mwili ukageuka. Fundi wa mifupa alinirudishia goti. Mbio hakuweza kunirudishia. Sokoni, kipimo kikarudi kuwa kipimo. Lilikuwa jambo dogo, nami nilililia kama kubwa.

Aliyenifuata nyumbani alikuwa mpagazi wa bandarini, mtu wa Alunguli, ng’ambo ya mto, ambaye kila Jumapili alipigana kachi, yaani mieleka ya jukwaani, ambayo mshindi wake hupangwa kabla ngoma haijalia. Alinishika bega kama mtu anayechagua mbuzi.

“Goti njo imekufa,” akasema, “lakini mabega iko.”

“Yaya,” nikamwita, kama kaka mkubwa, “mimi ni mtu wa mpira.”

“Ulikuwa.”

Alinifunza juu ya magunia yaliyojazwa maganda ya mpunga: kuficha kidevu, kutanguliza mkono, kuuleta mgongo mwishoni. Nilipochoka na kuomba anifundishe kutupa, alicheka. “Kuangusha mutu, hata ngazi inaweza. Kuanguka njo kazi.”

Baba hakupendezwa. Alisema kwamba Muislamu hauonyeshi mwili wake kwa watu, akaendelea kufua bati lake. Hakuja kunitazama hata mara moja.

Pambano langu la kwanza lilipangwa kuwa la mwisho la yule mpagazi, mkubwa wangu wa kazi, kwa maana mgongo wake ulikuwa umechoshwa na magunia. Tulikula wali katika sahani moja, nikamwahidi kwamba nitaanguka raundi ya tatu, ili aage akiwa mshindi mbele ya watu wa ng’ambo yake. Mkewe alisimama karibu na kamba, ameshika kitenge kipya cha kumfunga mabegani.

Raundi ya tatu aliniinua. Wakati ule ule watu wa Mikelenge wakaanza kuniita kwa jina langu la mpira, jina ambalo sikuwa nimelisikia tangu goti liumie. Ningewezaje kuanguka huku naitwa hivyo? Nilimzungushia mguu, nikamtupa mahali ambapo hakujitayarisha. Alifikia bega, nje ya magunia. Mfupa wa mtulinga ukavunjika. Nilibebwa juu kuuzunguka uwanja, nikafurahi, mpaka nilipomwona yule mama amepiga magoti, akimfunga mumewe mkono kwa kitenge kile kipya.

Nyumbani baba aliuliza neno moja: “Ulimwahidi?”

“Ndiyo, baba.”

“Basi hukushinda.”

Asubuhi nilivuka mto kwenda kuomba radhi. Yule mkubwa alinisikiliza hadi mwisho. “Ulisikia watu,” akasema, “miye haukunisikia. Hautapanda jukwaa tena. Utasimama chini, utatangaza. Utawasifu wenye kuanguka, mpaka watu wawapigie makofi.”

Hivyo ndivyo nilivyokuwa mtangazaji. Nilisimama kando ya kamba nikasema: “Wandugu, aliyesimama hana la kusimuliwa. Mtazameni huyu anayeshuka: kidevu amekificha, mkono umetangulia kuisalimu sakafu, mgongo umefuata kama mgeni mwenye adabu.”

Mwanamke mmoja akapaza sauti, “Winga, na weye siku ile mbona haukushuka?”

“Kazi sikuijua, mama. Ndiyo maana nimesimama chini.”

Walicheka. Lakini Jumapili baada ya Jumapili, walijifunza kutazama.

Siku moja baba alinipa pembe ya bati, pana mbele, nyembamba mdomoni. “Sauti yako inafika hapa imepasuka,” akasema. “Unaiaibisha nyumba.” Sikumuuliza alikuwa akisikiliza tangu lini.

Mfupa ulipounga, yule mkubwa alirudi jukwaani kuaga. Walikuwa wamempangia kushinda. Aliinama juu ya kamba akaniambia, “Leo naanguka miye. Unisemee vizuri.” Alianguka kwa unadhifu ambao sijauona tena, nami nikausema wote, polepole, ndani ya bati la baba. Watu wa Alunguli na wa Mikelenge wakasimama pamoja. Mkewe akapanda, akamfunga kitenge mabegani angali amelala.

Sasa sikia la kuhifadhi. Ile picha niliyopigwa siku ile nikibebwa juu ibaki sandukuni, usiitundike. Pembe ya bati itundike, na usiinyooshe pale ilipobonyea. Na mpunga mpya ukivunwa, wapelekee watoto wa yule mkubwa kapu moja la mchele. Uvuke mwenyewe, usitume mtu.