Mfupi na Mdogo

Mume wangu ni mfupi. Nalisema mapema ili lisiwe siri, maana yeye mwenyewe amelifanya siri miaka yote niliyomjua, kwa viatu vya soli nene na kwa kukataa kupigwa picha akiwa amesimama karibu nami. Kwa Kifaransa, lugha niliyosomea Bujumbura, mtu kama yeye ni "petit". Neno hilohilo tunampa mtoto mchanga, tunakipa kikombe, tunaupa mshahara usiotosha, tunampa na mtu asiye na maana. Lugha ya watu wavivu, mume wangu aliniambia, na siku hiyo nilicheka naye.

Kiswahili nimezaliwa nacho, kwa kuwa kule Buyenzi, mtaa wetu wa Bujumbura, hicho ndicho lugha ya kugombania zamu ya bomba. Nilipoolewa Malindi, mawifi zangu walikisikia wakazibana pua wasicheke, wakaniita Mrundi, na jina likaganda. Hilo nililimeza. Kiingereza ndicho kilichonitoa jasho.

Mume wangu alikuwa mtu wa stoo katika hoteli moja ndogo ya ufukweni. Mwenye hoteli, mama mmoja wa kutoka bara, alitaka mtu wa mapokezi anayejua Kifaransa, kwa sababu wageni wa Ufaransa walikuwa wakiongezeka na hakuna pale aliyeweza hata kuwakaribisha maji. Kifaransa ninacho, akasema yule mama aliposikia habari zangu, lakini kazi yenyewe hufanywa kwa Kiingereza, kwa hiyo nijifunze kwanza. Wakati huo nilikuwa nimeshinda nyumbani kwetu, mtaa wa Barani, tangu harusi, nikifua, nikipika, nikiomba nauli ya kwenda kwa fundi wa nguo kama mtoto anayeomba peremende. Niliitaka kazi ile kwa moyo wangu wote, na mume wangu alilijua hilo.

Akajitolea kunifundisha. Kila baada ya Maghribi tulikaa mezani, yeye na kikombe chake cha chai, mimi na ulimi wangu. Aligundua haraka kwamba ninaangukia kwenye vivumishi. "Grand" yetu ya Kifaransa ni moja tu, lakini Waingereza wameikatakata: "tall" ni kimo, "big" ni mwili, "great" ni heshima. Nilikuwa nikitupa mkono gizani na kuokota lolote. Nikikosea alipiga makofi, akalirudia kosa langu kwa sauti ya puani, akaliweka akiba ya kuwaandalia wageni pamoja na kaimati. Nilikuwa nikimsikia toka jikoni, na nilimchukia, kisha narudi sebuleni na sinia.

Zamu ya "small" na "short" ilipofika, alichukua mfano wa jirani yetu aliyemnyima mpangaji wake ndoo moja ya maji. "Short" ni kimo, akasema, hiyo ni kazi ya Mungu, haina aibu. Lakini ukisema mtu mzima ni "a small man", hujagusa kimo chake, umeitukana roho yake. Akanirudisha na kunirudisha mpaka nikashika. Sikuwahi kuyachanganya tena hayo mawili, na yeye alijisifu kwamba angalau hapo amefaulu.

Jumapili moja mwenye hoteli alitualika chakula cha mchana palepale hotelini, pamoja na meneja wake. Kila mtu alijua kwamba ninapimwa. Nilisalimu kwa Kiingereza, nikaeleza habari za ziwa letu na soko letu, nikaulizwa nikajibu, na sikuanguka. Yule mama alikuwa akitikisa kichwa kwa kuridhika. Nikamtazama mume wangu nikitarajia afurahi. Alikuwa akitafuna polepole, mfano wa mtu aliyeng'ata mchanga.

Ndipo akaanza habari za baba yangu. Baba alikuwa mwalimu. Nusu ya Buyenzi ilijua kusoma kwa sababu yake, na alikufa kwa maradhi yaliyomkausha. Mwanzoni mwa masomo yangu nilimwambia jirani kwamba "my father was a big man", nikikusudia kwamba alikuwa mtu mkubwa, mtu wa heshima. Mume wangu alikisimulia hicho kisa pale mezani kwa lafudhi yangu, na mashavu akayajaza upepo.

"Picha yake ninayo," akasema. "Mzee mwenyewe alikuwa njiti ya kiberiti."

Meneja alicheka mpaka akakohoa. Mimi nilimtazama samaki kwenye sahani yangu, nikamwomba Mungu anipe subira, na subira haikuja.

Mwenye hoteli hakucheka sana. Nadhani alitaka kunitoa kwenye aibu, akaniuliza kwa Kiingereza, na mume wangu je, ni mtu wa namna gani? Maneno yote yalinijia kwa utaratibu, kila moja na maana yake. Nikachagua.

"My husband is a small man."

Meneja akacheka tena, safari hii kwa huruma, akaniambia tunasema "short", dada. Mume wangu hakucheka. Pale mezani ni yeye tu aliyejua kwamba sikukosea. Yule mama akaweka uma chini, akaacha Kiingereza, akamgeukia.

"Wewe ndiwe umekuwa ukimfundisha. Niambie ukweli. Hayo maneno mawili, anajua tofauti yake ama hajui?"

Akisema najua, kazi ni yangu, ila amekiri mbele ya mkubwa wake kwamba mkewe amemtusi na kwamba tusi limefika. Akisema sijui, heshima yake imepona na mimi narudi kufua. Ningeweza kujibu mwenyewe. Ulimi ulikuwa tayari. Lakini kwa dakika ile, zaidi ya kazi, nilitaka kusikia atasema nini.

"Hajui, mama," akasema. "Kwao hilo ni neno moja. Nimemwambia mpaka nimechoka."

Yule mama alinipa pole, akasema pale mapokezi panataka mtu asiyekwama kwenye maneno madogo kama hayo. Kazi akapewa msichana kutoka Mnarani ambaye Wafaransa huwakaribisha kwa kutabasamu.

Kisa hicho mume wangu hakuweza kukiacha kilale. Meneja alikipeleka hotelini kote, na yeye akaona afadhali akisimulie mwenyewe, kama mzaha juu ya mke asiyejua Kiingereza. Sasa kila mgeni anayeingia kwetu hukisikia. Hujinyoosha kitini, hujigonga kifua kwa kidole, na kwa matamshi safi kabisa hutamka kwamba yeye ni "a small man". Watu hucheka. Mimi huwamiminia chai, na simsahihishi.